Kizibo cha Sabuni

Bibi harusi alizimika Mtaa wa Msimbazi, saa tano asubuhi, mbele ya umati. Kwa kweli lililozimika ni gari, yeye alikuwa mzima kabisa kiti cha nyuma, lakini nenda kawaeleze watu wa Kariakoo tofauti hiyo. Waliona Pijo nyeusi iliyofungwa utepe mweupe inakuja kwa madaha, mara ikaanza kukohoa, ikarukaruka kama mtu mwenye kwikwi, ikapiga chafya moja kubwa na kunyamaza katikati ya barabara.

"Bibi harusi kazimika!" akapaza sauti kijana mmoja aliyekuwa barazani, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Paskalina, mama wa bibi harusi, alishusha kioo. "Cheka, mwanangu, cheka," alimwambia. "Na yako itafika, tutakuja kutazama." Akapandisha kioo tena, ingawa mle ndani mlikuwa na joto la kuivisha mihogo.

Walikuwa watu watano. Kwenye usukani alikaa Mzee Harilal, fundi cherehani wa Mtaa wa Swahili, ambaye alimshonea Klara gauni na kisha, kwa hiari yake, akatoa na gari lake la kumpeleka kanisani. Kando yake alikaa Shomari, fundi magari, mpangaji mwenzao katika nyumba ya Mtaa wa Sikukuu. Nyuma alikaa Klara mwenyewe, shela kalipakata kama mtoto mchanga, amebanwa kati ya baba yake, Benjamini, karani wa bandarini, na mama yake, Paskalina, muuza mafuta ya kupima sokoni. Ndugu wengine wote walikuwa wametangulia alfajiri kwa basi.

Sasa tuseme shida yenyewe, maana haikuwa ya gari tu. Klara alikuwa afungishwe ndoa kanisani Pugu saa sita mchana. Padre wa pale alikwisha sema, tena mara mbili, kwamba saa saba na nusu anaondoka kwenda kigangoni upande wa Kisarawe, kwa sababu ikifika saa nane mchana wa Jumapili magari ya binafsi hayaruhusiwi barabarani mpaka kesho yake alfajiri. Ndiyo sheria ya kubana petroli ya miaka ile, haikumjua padre wala kadhi. Jumatano inayofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu, Kwaresima inaanza, na Kwaresima hakuna ndoa. Na bwana harusi, mwalimu Tarsis, alikuwa amehamishiwa Mpanda, tiketi yake ya garimoshi ni ya Jumanne. Kwa hiyo ni leo, au Klara abaki nyumbani na mwanamume aende zake Mpanda, na huko Mpanda nako kuna wasichana.

Juu ya hayo yote alikuwepo Shangazi Sophia. Huyu ndiye aliyemlea Tarsis, na siku ya kupeleka mahari alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Watu wa Kariakoo hawa gari watalitoa wapi? Watamleta mtoto kwa mkokoteni wa nyanya." Paskalina alilimeza neno lile, likamkaa kooni. Tangu siku hiyo aliapa kwamba Klara atashuka mbele ya kanisa kutoka kwenye gari, mlango afunguliwe na mtu aliyevaa koti.

"Ni pampu," alisema Mzee Harilal, akishuka taratibu na kufungua boneti. "Naijua pampu hii tangu mwaka sitini na tisa. Ikipata joto, petroli inageuka mvuke humo ndani. Inataka kuogeshwa."

"Si pampu, mzee," alisema Shomari, akivua koti la suti aliloazima kwa ajili ya kumfungulia bibi harusi mlango. "Ni kabureta. Takataka zimeziba."

"Petroli ipo?" aliuliza Benjamini.

Benjamini hakuwa na nadharia ya ufundi. Yeye alikuwa na hofu moja tu, kwamba petroli imeisha, imevuja au imeibwa. Lita zile kumi alizisotea kwenye foleni siku mbili, akila mihogo ya kuchoma na kulala ameegemea mlingoti wa taa, na kila gari lilipokohoa alijisikia kama anayekohoa damu. "Ipimwe kwanza," alisema. "Mama Klara, fungua tuone."

Petroli hiyo haikuwa kwenye tangi. Tangi la Pijo lilikwisha oza zamani, na tangi jipya lilikuwa kitu cha kusimuliwa tu na watu waliofika Nairobi. Mzee Harilal alitia galoni la bati ndani ya buti, akapitisha mpira wa petroli kwenye tundu la sakafu mpaka ukakutana na bomba la kwenda kwenye pampu, na mdomo wa galoni akausokomeza tambara. Mambo yakaenda. Kitu kilichomkera Paskalina ni harufu. Asubuhi ile aliinama kwenye buti akanusa, akamtazama mwanawe na gauni jeupe pee, akasema mtoto wangu haingii kanisani ananuka kama kibatari. Akatupa tambara. Akachonga kizibo cha mpira wa kandambili, akapitisha ule mpira wa petroli katikati yake, akaufunga mdomo wa galoni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, halafu akaenda ndani na kurudi na kipande cha sabuni.

Mwaka huo sabuni ilikuwa haionekani. Watu walifulia majani ya mpapai. Kipande kile alikificha chini ya godoro tangu Krismasi, na alikipaka pale kwa kidole gumba, pande zote, mpaka pasiwe na ufa hata wa sisimizi. Shomari alipopita alimsifu. "Mama Klara, wewe ungekuwa fundi," alimwambia. "Hapo haitoki hata pumzi." Paskalina alifurahi kwa sifa hiyo.

Basi akafungua kazi yake ile nzuri, akamwachia Benjamini atumbukize chelewa ya ufagio. Chelewa ilitoka imelowa karibu yote. "Ipo," alisema Benjamini, na rangi ikamrudia usoni. Paskalina akaziba tena, akafunga ukanda, akasugua sabuni.

Mzee Harilal naye alikuwa amelowesha kitambaa kwa maji ya kuombwa kwenye nyumba ya jirani, akaifunika pampu, akaipepea kwa gazeti la chama. Kisha akaingia, akapiga stata. Gari likawaka mara moja!

"Pampu!" alipiga kelele yule mzee, akiruka kitini. "Nilisema nini? Pampu!"

Vijana wa barazani wakashangilia kana kwamba Simba imefunga bao. Ilikuwa saa tano na nusu.

Waliingia Barabara ya Pugu kwa mwendo wa furaha. Mzee Harilal akaanza kusimulia maharusi wote aliowashonea nguo, Benjamini akaimba wimbo wa kwao Masasi, na hata Klara, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alitabasamu kidogo.

Walipolipita jengo la stesheni ya Tazara, Paskalina alisikia kitu nyuma ya mgongo wake. Kutu! Sauti ya bati. Aliifahamu sauti ile, ila hakukumbuka aliisikia wapi. Hakupata nafasi ya kuwaza, kwa sababu gari lilianza kukohoa.

"Hapana," alisema Benjamini. "Hapana, hapana, hapana."

Likapiga chafya, likasimama kando ya barabara, hapana mti wala kivuli.

Mzee Harilal alishuka na chupa yake ya maji, lakini Shomari alikuwa amekwisha mtangulia, mikono ya shati imekunjwa, bisibisi mkononi. "Safari hii mnipishe," alisema. "Mzee, umeiogesha pampu imetakata, na bado gari limezima. Sasa tazama kazi." Akafungua kabureta, akatoa kile kijibomba chembamba kinachopitisha petroli, akakiweka mdomoni na kupuliza kwa nguvu, mashavu yakamvimba na macho yakamtoka. Akapuliza tena. Akatema petroli, akafuta mdomo kwa kiganja.

Hapo ndipo lilipotokea basi la Pugu, limejaa hadi milangoni, likapunguza mwendo ili abiria wapate kutazama vizuri. Vichwa vilichomoza kwenye madirisha. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele cha kejeli.

"Mama," alisema Klara, "tupande basi."

"Basi?" Paskalina alimgeukia kama aliyetukanwa. "Ushuke mbele ya kanisa na tiketi mkononi? Shangazi Sophia akuone unachomoka katikati ya matenga ya kuku?"

"Ataniona nimefika."

"Atakuona umefikaje! Kaa. Gari litawaka."

Basi likaondoka, moshi wake wote ukawaingia wao. Klara akalitazama mpaka lilipopotea. Nasi tuseme kweli: Paskalina siku ile alikuwa na makosa mawili, na hili la basi ndilo lililokuwa kubwa, maana hili alilifanya anajua.

"Petroli ipo?" aliuliza Benjamini.

"Si ulipima?" alisema Shomari kutoka kwenye boneti.

"Nilipima Msimbazi. Hapa ni Tazara."

Paskalina akafungua kizibo, chelewa ikaingia, chelewa ikatoka. Petroli ilikuwepo. Akaziba, akafunga, akasugua sabuni. Shomari naye akamaliza kukaza skrubu zake za kabureta, akaomba stata. Gari likawaka, likanguruma vizuri kuliko mwanzo.

"Kabureta!" alipiga kelele Shomari, akijigonga kifua. "Nilisema tangu Msimbazi! Saa nzima imepotea kwa kuogesha pampu!"

"Imepoa yenyewe wakati unapuliza," alisema Mzee Harilal, amenuna. "Ungepuliza hata filimbi, lingewaka."

Waligombana pampu na kabureta mpaka wakaupita uwanja wa ndege. Saa ya Benjamini ilikuwa inakimbilia saa saba.

Kutu! Lilizima Ukonga, saa saba kamili.

Mzee Harilal akamwagia pampu maji yote ya chupa. Wakapiga stata, kimya. Shomari akafungua kabureta, akapuliza mpaka akaona nyota mchana, akafunga. Wakapiga stata, kimya. Akapuliza tena, wakapiga tena. Stata yenyewe ilianza kuchoka, sauti ikawa ya mtu anayebembelezwa kuamka na hataki. Penye wazee haliharibiki neno, husema watu, lakini hapo palikuwa na wazee wawili na fundi mmoja, na neno lilikuwa limeharibika kabisa.

Safari hii Benjamini hakuuliza kama petroli ipo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kichwa. "Nimeuziwa maji," alisema. "Siku mbili za foleni, nimeuziwa maji. Ndiyo maana inawaka na kuzima. Tuimwage yote, tuichuje kwa kitambaa."

"Tuimwagie wapi?" aliuliza Shomari.

"Si lipo sufuria la zawadi kwenye buti?"

Saa saba na robo. Padre alikuwa amebakiza dakika kumi na tano. Klara akafungua mlango, akavua viatu, akavishika mkononi, akakusanya gauni lake na kuanza kutembea kuelekea Pugu, peke yake, kwenye vumbi.

"Klara!" aliita mama yake.

"Nakwenda kuolewa, mama," alijibu bila kugeuka. "Ninyi tengenezeni."

Paskalina alitaka kumkimbilia, akataka kulia, na alimchukia Shangazi Sophia kwa moyo wake wote, kisha akajichukia mwenyewe. Akaenda kwenye buti kutoa lile sufuria, maana angalau hilo aliliweza. Akainua mfuniko wa buti, na pale pale akasimama.

Galoni lilikuwa limebonyea. Mbavu zake zote mbili zilikuwa zimeingia ndani, kama mashavu ya mtu anayenyonya muwa. Akalisukuma kwa kidole. Kutu! likajibu.

Sasa akaikumbuka. Ni sauti ya debe la mafuta sokoni, siku wateja wamejipanga na msaidizi mgeni ametoboa tundu moja. Mafuta hutoka kidogo, yakagoma, debe likabonyea na kulia vile vile, na Paskalina humpokonya msumari na kumfokea: debe hutobolewa matundu mawili, moja la mafuta kutoka, moja la upepo kuingia! Neno hilo alikuwa amelisema miaka kumi na minane, kila wiki.

"Njooni!" alipiga kelele. "Wote, njooni! Klara, rudi!"

Wanaume walikuja mbio, wakidhani limeshika moto.

"Galoni halipumui," alisema Paskalina, akihema. "Petroli inatoka, upepo hauingii. Limejivuta lenyewe mpaka limebonyea. Tazameni!"

"Mama Klara," alisema Shomari kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "hayo ni mambo ya mafuta ya nazi. Hii ni petroli. Kuna pampu hapa, inavuta."

"Inavuta nini, Shomari, nami nimeliziba pumzi?"

Hakungoja jibu. Alikata ukanda wa tyubu kwa meno, akashika kizibo kwa mikono miwili, akakizungusha na kuvuta. Fyoooo! Upepo uliingia kwa kishindo, mbavu za galoni zikarudi mahali pake, kutu-kutu! Klara aliyekuwa hatua hamsini mbele aliisikia, akageuka.

Mzee Harilal ndiye wa kwanza kuelewa, akaweka kiganja juu ya kipara chake. "Kila tulipopima," alisema polepole, "lilipumua. Kisha likawaka. Halafu tukaliziba."

"Pampu yako!" alisema Shomari.

"Na kabureta lako!"

"Nani aliliziba hivi?" aliuliza Benjamini, ingawa alijua vizuri, maana katika nyumba yake sabuni ilikuwa na mwenyewe mmoja.

"Mimi," alisema Paskalina. Uso ulimwaka kwa aibu, hata masikio aliyasikia moto. "Sabuni ni yangu na mkono ni wangu. Nimefanya mara tatu, moja baada ya nyingine, nikijipongeza. Nipigeni baadaye. Sasa nataka kitu cha kupitisha upepo."

"Msumari," alisema Shomari, akikimbilia sanduku lake. "Tulitoboe kwa juu."

"Ugonge bati lenye petroli kwa nyundo?" Mzee Harilal alimshika shati. "Cheche moja tu, na harusi inageuka msiba!"

Wakaanza kupekua mifuko, sanduku, hata maua. Ndipo macho ya Paskalina yakatua kwenye mfuko wa shati la mumewe. Ile ilikuwa kalamu ya Benjamini ya bandarini, yenye bomba la plastiki, ambayo hakuruhusu mtu aiazime hata kwa kutia sahihi.

"Baba Klara," alisema.

"Hapana," alisema Benjamini, akiifunika kwa kiganja. Kisha akamwona binti yake anarudi mbio na viatu mkononi, vumbi limempanda mpaka magotini. Akaitoa, akauvuta mrija wake wa wino kwa meno kama anayejing'oa jino, akampa mkewe bomba tupu.

Shomari alitoboa tundu la pili kwenye kizibo kwa bisibisi, wakalisokomeza bomba la kalamu ndani yake, wakakirudisha kizibo. Harufu ya petroli ikapanda na kuenea. Paskalina akasita, akamtazama mwanawe. "Itakunukia hiyo, Klara. Njia nzima."

"Inukie!" Klara alikuwa anahema na macho yanamng'aa. "Afadhali ninuke nimeolewa kuliko ninukie niko nyumbani. Pandeni!"

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile yeye kuamrisha, na wote wakatii. Stata ikanung'unika mara moja, mara mbili, petroli ikafika, gari likawaka.

Halikuzima tena. Lilipita Gongo la Mboto likiimba. Kila kilometa Paskalina alitega sikio nyuma, asisikie kutu wala kitu. Madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu ya harufu, shela linapepea nje, watoto wa kando ya barabara wanapunga mikono. "Ongeza mwendo, mzee!" alipiga kelele Shomari, na Mzee Harilal, ambaye hakuwahi kuendesha zaidi ya mwendo wa baiskeli, akakanyaga mpaka mwisho. Benjamini alikuwa anasoma saa kwa sauti: saa nane kasorobo, kasoro kumi, kasoro tano. Padre ameshaondoka, au hajaondoka? Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Chini ya kilima cha Pugu, kanisa linaonekana juu kati ya miti, alisimama askari wa barabarani katikati ya njia, mkono umenyooshwa.

"Zima gari, ndugu," alisema. "Saa nane na dakika mbili."

"Afande, kanisa lile pale!" alisema Mzee Harilal. "Hata nusu maili haifiki!"

"Naliona. Lilikuwepo pia saa nane kasoro mbili. Zima."

"Afande, ni bibi harusi," alisema Benjamini.

Askari akachungulia, akamwona Klara, akavua kofia kwa heshima. "Hongera, dada. Ndugu dereva, zima. Gari la binafsi haliendeshwi baada ya saa nane. Sheria haikuandika isipokuwa harusi."

Mzee Harilal akazima. Siku nzima walilibembeleza liwake, na sasa lilipowaka kama lililotoka kiwandani jana, wao wenyewe ndio wakalinyamazisha. Kisha Shomari akakohoa.

"Na kusukuma je, afande?"

Askari akairudisha kofia kichwani, akailaza vizuri. "Kusukuma," alisema hatimaye, "hakukuandikwa."

Wakashuka, wote isipokuwa Klara na Mzee Harilal wa kuelekeza usukani. Hata Paskalina alijifunga kitenge chake kibwebwe juu ya gauni la sherehe na kuweka mabega. Pijo ikasogea. Askari akafuata nyuma, mikono mgongoni, kuhakikisha kwamba haliwaki. Walipofika penye mwinuko, likawashinda, likaanza kurudi. Paskalina akafanya kitu pekee kilichobaki: akapiga kigelegele, kirefu, cha Kimasasi, mpaka juu kwenye miti.

Juu kukajibu kigelegele. Kisha wakaanza kuonekana, mashati meupe, vitenge, watoto, wanateremka kilima mbio. Mbele yao alikuwa Tarsis, tai imepinda begani. Alifika, akachungulia dirishani bila kujali kwamba bwana harusi hatakiwi kumwona mwenziwe kabla ya saa yake. "Upo?" alimwuliza. "Nipo," alisema Klara. Basi akaenda nyuma kusukuma.

Na mtu aliyekuja kusimama kando ya Paskalina, akavua viatu vya kisigino, akaviweka juu ya buti na kuinama, alikuwa Shangazi Sophia.

"Padre ameondoka?" Paskalina alimwuliza, bila kuthubutu kumtazama.

"Yupo. Alisema anasubiri dakika tano. Zikiisha anaongeza tano. Mpaka saa nane ikamkuta gari lake uani, sasa hana pa kwenda mpaka kesho alfajiri. Anasoma sala zake kivulini." Shangazi Sophia alisukuma, akahema. "Polisi ndiye aliyewachelewesha?"

Jibu lilikuwa limeletwa kwenye sinia. Angesema ndiyo, na askari yuko pale pale, na mambo yangekwisha kwa heshima. Paskalina alitazama mikono yao miwili iliyokaa sambamba juu ya bati, mmoja una pete mbili na mwingine hauna hata moja.

"Si polisi," alisema. "Ni mimi. Gari lilikuwa zima. Nililiziba mwenyewe kwa sabuni nikidhani nalipamba."

Shangazi Sophia akaacha kusukuma. "Sabuni? Wewe unayo sabuni?"

"Nilikuwa nayo."

"Mwenzangu!" alisema Shangazi Sophia, na kicheko kikamtoka ghafla, kikubwa, cha tumboni, hata akaegemea gari na kulizuia. Paskalina naye akacheka, machozi yakamtoka, wakashikana mabega wasianguke, na wanaume wakapiga kelele kwamba huku ubavuni watu wanasukuma na hapo nyuma watu wanacheza. Wakainama tena. Pijo ikapanda kilima.

Kanisani walisimama vile walivyofika. Tarsis alikuwa na mikono miwili ya vumbi na jasho linamdondoka kidevuni. Shomari, koti likiwa mwilini tena, alikuwa amemfungulia bibi harusi mlango kwa adabu zote. Padre akawatazama kwa zamu, akafungua kitabu, akapangusa miwani.

"Klara, je, umekuja hapa kwa hiari yako..."

"Ndiyo!" alisema Klara.

Kanisa zima likacheka. Padre akainua kidole. "Binti yangu, sijamaliza kuuliza."

"Maliza, Padre," alisema Klara. "Mimi nimekwisha jibu."